Mtumishi wa Nne

Mwezi Machi tulikuwa wageni katika mji wa Husum, Ujerumani Kaskazini, pale nchi inapoishia na Bahari ya Kaskazini inapoanza. Tulikuwa watu watano: mchungaji, mhazini, mwenyekiti wa akina mama, kiongozi wa kwaya na mzee mmoja wa kanisa. Usharika wetu uko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenye vihamba vya migomba na kahawa, na kwa miaka mingi tumekuwa na undugu na Wakristo wa upande ule. Mwaka huu wanakuja wao, mwaka mwingine tunakwenda sisi. Tunalala majumbani mwao, tunakula mezani pao, tunasali pamoja. Ila safari hii tulibeba bahasha. Ndani yake mlikuwa na taarifa ya mradi wa vanila, kurasa sita, nayo ilikuwa isomwe Jumapili mchana mbele ya wenyeji wetu, ambao fedha zao ndizo zilizouanzisha.

Wasomaji waliowahi kulima vanila watatuelewa bila maneno mengi. Tulipanda mwaka 2017, wakati bei ya dunia ilikuwa imepanda mpaka watu wakaanza kuota mabati mapya. Mmea wenyewe hutambaa. Unataka mti wa kuegemea, unataka kivuli, unataka subira ya miaka kama mitatu kabla ya ua la kwanza, na ua hilo hufunguka asubuhi moja tu. Adhuhuri limekwisha. Kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo kila ua lazima lishikwe kwa vidole na kijiti, kwa namna iliyobuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 hivi. Akina mama wetu waliamka kabla ya jogoo wakaenda shambani na vijiti vyao. Maganda nayo huchukua kama miezi tisa kukomaa. Yetu yalipokomaa, bei ilikuwa imeanguka. Masika yalileta uozo wa mizizi. Wezi walikuja usiku wakabeba yaliyobaki, na mnunuzi aliyetuahidi akaacha kupokea simu. Kaya zilizokuwa zimeweka akiba zao humo, baadhi yake za wajane, hazikupata kitu. Mashina yaling'olewa, watu wakarudi kwenye maharage.

Msimamizi wa mradi alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, ambaye kijijini hana jina jingine ila Mwalimu. Alifanya kazi ile bila posho. Mradi ulipokufa, alianza kukaa benchi la nyuma, kisha akawa anakuja mara moja kwa mwezi, kisha tukasikia anasali usharika wa jirani. Hatukumfuata. Na katika taarifa yetu, ukurasa wa nne, tuliandika kwamba mradi haukufikia malengo yake kutokana na usimamizi hafifu. Tulipoandika maneno hayo mawili yalituonekania ya kawaida, hata ya adabu. Ni maneno ya taarifa. Kila aliyewahi kukaa kwenye halmashauri anayajua.

Jumamosi wenyeji walitupeleka kutembea kwenye bustani ya kasri la mji. Tulikuwa tumevaa makoti ya kuazima na bado upepo uliingia. Miti ilikuwa haina jani hata moja, na nyasi zilikuwa zimefifia kwa baridi. Husum ni mji ambao mtoto wake mashuhuri, mwandishi Theodor Storm aliyezaliwa hapo mwaka 1817, aliuimba kwa ukijivu wake, na asubuhi ile hatukuwa na sababu ya kubishana naye. Kisha tukapita lango, na chini ya ile miti mitupu tukaona ardhi yote ni zambarau.

Ni maua yaitwayo krokusi. Ni mafupi, hayafiki urefu wa kiganja, na yako mamilioni, yamejaa kati ya mashina kama maji ya mafuriko yaliyotuama. Asubuhi ile yalikuwa yamefumba kwa sababu ya wingu. Mnamo saa saba mchana jua lilitoka, yakaanza kufunguka. Petali hukua haraka zaidi kwa upande wa ndani zikipata joto, na ndiyo maana ua hujikunjua. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na nyuso zao zimeelekezwa juani, macho yamefungwa. Watoto walikuwa wanakatazwa kukanyaga nyasi. Kila mwaka mji hufanya sikukuu kwa ajili ya maua haya na humchagua binti mmoja kuwa malkia wao. Mhazini wetu, ambaye ndivyo alivyo, aliuliza maua hayo yanaingiza nini. Alijibiwa kwamba wageni huja kwa mabasi, hoteli hujaa, mikahawa huuza. Tuliona kwamba hata huko mtu akiulizwa juu ya uzuri hujitetea kwa fedha.

Kiongozi wetu wa kwaya amekulia Tanga, na Pwani zafarani inajulikana: iko kwenye biriani ya harusi, na ndiyo wino wa kuandikia kombe. Alikuwa amesikia kwamba zafarani hutoka katika ua la jamii hii. Basi akainama ukingoni mwa njia, akalichungulia ua moja, kisha la pili, akitafuta zile nyuzi tatu nyekundu. Mama mwenyeji wetu akacheka. Akatuambia kwamba ndugu yetu anafanya kosa lilelile lililoleta maua hayo Husum.

Hadithi ni hii. Kabla ya Matengenezo ya Kanisa palikuwa hapo na nyumba ya watawa Wafransisko. Inasimuliwa kwamba watawa hao walipanda krokusi ili wapate zafarani, kiungo ambacho wakati ule kilikuwa mali, na hata leo hakuna kiungo kinachokizidi bei: gramu 1,000 zikipatikana, zimechumwa kutoka maua kama 150,000, kila ua nyuzi tatu. Lakini walipanda aina isiyo yake. Krokusi ya zafarani huchanua majira ya kupukutika majani, hii huchanua mwishoni mwa baridi. Na nyuzi zake hazina zafarani ndani yake. Wengine husimulia kosa hilohilo kwa mtu mwingine, mke wa mtawala aliyeishi katika kasri hilo katika karne ya 17 alipokuwa mjane, aliyetaka zafarani kwa ajili ya keki zake. Historia haikutia sahihi kwenye hadithi yoyote kati ya hizo mbili. Lililo wazi ni kwamba ua hili si mzaliwa wa nchi ile ya upepo. Kwao ni kusini, upande wa Italia. Kuna mikono iliyolileta na kulifukia hapo, na mikono hiyo ilikuwa na sababu.

Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Pengine wengine hupiga picha na kuendelea. Sisi tulikuwa na bahasha.

Fikiria, ndugu msomaji, msimu ule wa kwanza. Mtawa amepinda mgongo, amefukia vitunguu vile kimoja kimoja, amengoja. Yanachanua. Anaita wenzake. Wanachuma, wanakausha, wanaonja: hamna kitu. Je, mkuu wa nyumba aliandika nini katika kitabu chake cha hesabu? Kama aliandika kama sisi, aliandika usimamizi hafifu.

Na hapa kuna jambo ambalo tulielezwa na ambalo limekaa nasi tangu siku ile. Krokusi ya zafarani haizai mbegu. Haiwezi kuendelea duniani bila mtu wa kuchimbua vitunguu vyake, kuvigawanya na kuvipanda tena. Mtu akiondoka, nayo huisha. Hii ya Husum ni ya porini. Inazaa mbegu, mbegu inabebwa na sisimizi, na chini ya udongo kila mwaka kitunguu kipya hukua juu ya kile cha zamani kinachonyauka. Watawa waliondoka. Nyumba yao ilitoweka na mtawala Adolf akajenga kasri hapo kati ya 1577 na 1582. Usiku mmoja wa Oktoba 1634 bahari ilivunja matuta, ikakipasua kisiwa cha jirani cha Strand vipandevipande na kuua maelfu. Hata kanisa kuu la mji, la zamani, lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, na hili lililopo lilimalizika 1833. Kama watawa wangepanda walichokusudia, kingekufa nao. Walichopanda kwa kukosea kinahitaji jambo moja tu kutoka kwa wanadamu: wasikate nyasi mpaka majani yake yamenyauka yenyewe, maana majani hayo ndiyo yanayolisha kitunguu kwa ajili ya mwaka ujao.

Ni rahisi sana kuhubiri hapo. Mwenyekiti wa akina mama alituwahi kabla hatujaanza. Jioni, tulipokuwa tumekaa jikoni kwa mwenyeji tukinywa chai, alisema: "Msije mkasimama kesho mkawaambia hawa watu kwamba vanila yetu nayo itachanua siku moja. Mashina tumeng'oa. Mama aliyeuza mbuzi wake akanunua miche, mbuzi hajarudi. Maua hayalipi mkopo." Tulinyamaza. Alikuwa amesema kweli, na tunaiandika hapa kwa sababu vitabu kama hiki hupenda kuiruka. Si kila kosa huota ua. Makosa mengine hubaki shimo, na anayesimama kando ya shimo la jirani yake akisifu uzuri wa Mungu anaongeza kosa la pili.

Ndipo mchungaji akafungua Mathayo 25, mfano wa talanta. Sote tunaujua, watoto wa Jumapili wanaujua. Mmoja alipewa talanta tano akafanya biashara, akaleta nyingine tano. Wa pili mbili, akaleta mbili. Wa tatu alipewa moja, akaifukia ardhini, akairudisha na udongo wake. Mchungaji akauliza: yuko wapi yule aliyefanya biashara akapata hasara?

Tulitafuta. Hayumo. Luka ana mfano unaofanana na huo, na kwake watumwa ni kumi, lakini wanaotoa hesabu ni watatu tu; wale saba hatusikii habari zao, na kati ya hao watatu hakuna aliyepoteza. Ajabu ni kwamba kila mtu anayeishi kwa jembe au kwa duka anajua kwamba huyo asiyetajwa ndiye wengi wetu. Ndiye mkulima wa mwaka wa ukame. Ndiye fundi aliyekopa cherehani. Aliitoa talanta sokoni, hakuificha, aliamka mapema, na jioni mikono yake ilikuwa mitupu. Bwana wake angemwambia nini?

Tulibishana mpaka saa tano usiku, na hatukuafikiana katika yote. Mhazini alishikilia kwamba bwana yule alikuja kufanya hesabu, na hesabu ni hesabu. Huruma isiyotaka kuona daftari inawadhulumu wale ambao fedha zao zimepotea. Tunamkubalia. Mzee wetu wa kanisa alisema kwamba katika mfano ule bwana hasifu faida. Anayesifiwa ni mtumishi, kwa uaminifu wake, na aliyeleta tano na aliyeleta mbili wanasifiwa kwa maneno yaleyale. Kama sifa ingekuwa ya faida, zingetofautiana. Hilo nalo tulilikubali, na hata mhazini alilikubali, ingawa alisema wote wawili walileta kitu.

Lakini neno lililotuumiza lilikuwa juu ya yule wa tatu. Kwa nini alifukia? Si uvivu tu. Mwenyewe alisema aliogopa, kwa kuwa alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu. Hapo kiongozi wa kwaya, ambaye jioni nzima hakuwa amesema mengi, alikumbusha jambo ambalo wote tulikuwa tunalijua na hakuna aliyekuwa amelihusisha. Mwaka juzi halmashauri ilitafuta msimamizi wa mradi wa mizinga ya nyuki. Fedha zilikuwepo, kidogo lakini zilikuwepo. Tulimwomba mtu wa kwanza, akasema mgongo unamsumbua. Wa pili akasema ana wajukuu. Wa tatu alisema ukweli: "Mnataka mnifanye kama mlivyomfanya Mwalimu." Mizinga bado iko stoo.

Kwa hiyo tulikuwa tumeona sawa kwamba kuna shimo, ila hatukujua ni nani aliyelichimba. Tulipomhukumu Mwalimu kwa kilichotokea, wala si kwa alichofanya, tuliwafundisha watu wote waliokuwa wakitazama namna iliyo salama ya kutumia talanta. Wakaenda wakafukia. Tulijigeuza bwana mgumu, kisha tukashangaa kuona watumishi wenye majembe.

Hatusemi hivyo kana kwamba tumeshamaliza swali. Linabaki swali gumu: utatofautishaje hasara ya mwaminifu na hasara ya mzembe, wakati zote mbili zinaacha sanduku tupu? Maua ya Husum hayajibu hilo. Yangechanua vivyo hivyo hata kama mtawa yule alikuwa mzembe, na Mungu hakuwa akimlipa mtu mshahara kwa zambarau ile. Lakini maua yale yalitulazimisha kukiri kwamba hesabu tuliyoifunga ilikuwa na safu mbili tu, mapato na matumizi, na kwamba tulipokosa mahali pa kuandika bei ya dunia, mvua, wezi na simu isiyopokelewa, tuliviandika vyote kwenye jina la mtu mmoja. Kutofautisha kunataka kumwuliza mtu mwenyewe. Nasi hatukuwa tumemwuliza.

Usiku ule, mhazini ndiye aliyefuta maneno yale mawili. Alitumia kalamu ya wino, kwa mkono, kwa sababu hapakuwa na namna ya kuchapa upya. Mahali pake aliandika mambo yaliyotokea, moja baada ya jingine, na tarehe zake, na akina mama waliopoteza walikuwa wangapi. Mwisho aliongeza sentensi kwamba usharika haukumtembelea msimamizi tangu mradi ulipokufa. Mchungaji aliuliza kama sentensi hiyo inahusu mradi. Mhazini akasema inahusu usimamizi.

Jumapili ilisomwa hivyo hivyo, na mistari iliyofutwa ikionekana. Wenyeji walisikiliza. Waliuliza maswali mawili matatu, mengine ya kutuaibisha kidogo, kama inavyostahili fedha za watu. Hatukurudi na ahadi yoyote ya msaada mpya, na tunaliandika hilo ili mtu asidhani kwamba ukweli ulitulipa.

Wiki moja baada ya kurudi, tulikwenda sote watano kwa Mwalimu, jioni, baada ya kupiga hodi kwa simu kwanza kwa sababu tuliona aibu kumshtukiza. Mke wake alitutolea viti nje, chini ya mwembe-mafuta. Tuliomba radhi. Hatukuifanya vizuri, tulipokezana maneno kama watu wanaobeba jeneza zito. Mwalimu alisikiliza huku anatazama migomba yake. Kisha akauliza hali ya hewa ya Ulaya. Tukamweleza habari za bustani, watawa, zafarani.

"Na hiyo zafarani," akasema, "hawajaipata mpaka leo?"

"Mpaka leo, Mwalimu."

Alicheka kwa pua, kidogo. Akaomba aione taarifa. Tukampa nakala ya karatasi zilezile zenye kufutwafutwa, akavaa miwani, akasoma kurasa zote sita bila kuinua kichwa, kama alivyokuwa akisoma insha zetu tulipokuwa watoto. Aliingia ndani, akarudi na daftari la jalada gumu ambalo hakuna kati yetu aliyejua kuwa lipo, na kalamu nyekundu.

"Hapa mmekosea idadi ya miche," akasema. "Na hapa kwenye kuoza kwa mizizi, mmeandika mvua. Mvua ilikuwepo. Lakini mitaro nilichelewa kuichimba majuma mawili, nilikuwa na msiba. Hilo ni langu, liandikeni."

Akaliandika mwenyewe pembeni. Mwenyekiti wa akina mama akavuta kiti chake karibu ili aone daftari, akaanza kumtajia, moja moja, asubuhi za mwaka ule wa maua.